Mtele Vikombe Viwili

"Mama, mbuzi huyu hukamuliwa?"

Mwanangu mdogo ana miaka minne. Alikuwa amechuchumaa mbele ya mbuzi ya kukunia nazi, uso umeukaribia ule ulimi wa chuma kuliko nilivyopenda. Mbuzi anawajua, wale wa jirani hupita kichochoroni kwetu wakitafuta maganda. Tui pia analijua: jeupe, zito, linatiririka ukikikamua kifumbu. Kuna mbuzi, kuna kukamua, kuna kitu cheupe kama maziwa. Mtoto alikuwa amefikiri sawasawa, na hesabu yake ilikosea mahali pamoja tu. Nikamwambia huyu hakamuliwi, hukuna, inayokamuliwa ni nazi. Nikamtia nazi iliyokunwa kwenye kiganja, nikakifumba kiganja chake ndani ya changu, tukaminya. Tone la kwanza lilipodondoka alilitazama kama mtu aliyefumbuliwa fumbo.

Huu ni mwaka wa pili sasa, kila Jumamosi wanangu wakitoka chuoni, madrasani, tunapanda juu jikoni tunapika kitu kidogo cha kunywea chai ya saa kumi. Vitumbua, kaimati, visheti, kashata, bajia za kunde, mara nyingine viazi karai. Vitu vya kawaida ambavyo Lamu hii unavikuta kwenye sinia kila baraza. Akina mama wenzangu huniuliza nawezaje na watoto wadogo hivi, na wengine huniuliza kwa nini nijisumbue wakati vitumbua vya moto viko hapo nje. Nataka kuwajibu kwa kirefu, kwa sababu jibu langu linaanzia kwangu kabla ya kufika kwa watoto.

Mimi nililelewa nikitolewa jikoni. Mamangu aliuza mahamri. Kabla ya adhana ya alfajiri alikuwa tayari juu, chini ya makuti, karai liko motoni, na wateja wa kwanza wakibisha hodi jua halijachomoza. Nikipanda ngazi nikichungulia, neno lilikuwa moja: "Toka, utaungua." Simlaumu hata kidogo. Mafuta yakichemka, watu wanangoja, na ada ya shule yangu mimi mwenyewe imo ndani ya karai lile. Mtoto wa kumuuliza maswali angemweka wapi? Lakini matokeo yake ni kwamba nilimaliza kidato cha nne nikiweza kusawazisha milinganyo ya kemia, nikaolewa, nikazaa, na sikujua kupika kitumbua. Nilikinunua. Mkubwa wangu alipofika miaka saba akaniuliza mbona kitumbua ni mviringo pande zote mbili na chuma kina tundu upande mmoja tu, sikuwa na la kumwambia. Nilikuwa sijawahi kusimama karibu na chuma kile hata nikaona kikigeuzwa.

Basi nikamwendea mama, ambaye sasa ni nyanya yao na ameshaacha biashara kwa sababu ya magoti, nikamwomba atufundishe sote watatu kwa pamoja. Hilo neno "sote" ndilo lililobadilisha mambo. Mtoto akijua mama yake naye ni mwanafunzi, hujifunza kwa namna nyingine. Haogopi kukosea, kwa kuwa mama amekosea mbele yake dakika mbili zilizopita.

Na tulianza kwa kukosea. Mchele tuliuroweka usiku kucha, tukausaga kwenye blenda kwa tui, sukari, iliki na hamira, tukafunika. Saa nzima ikapita, unga umelala kimya. Nyanya akatia kidole, akakitazama, akasema, "Mmeiunguza hamira." Nilikuwa nimelipasha tui moto, nikidhani likiwa moto zaidi unga utaumuka upesi zaidi.

Tungeweza kununua hamira nyingine tukaendelea. Lakini mkubwa alishalishika lile neno. Kuiunguza vipi, na moto haukuigusa? Hapo tukaacha kupika tukaanza kuchunguza. Tulichukua bilauri tatu. Ya kwanza tukatia maji ya mtungi, baridi. Ya pili maji ya uvuguvugu, yale ambayo ukichovya kidole huhisi baridi wala moto. Ya tatu maji yaliyotoka kwenye birika sasa hivi. Kila bilauri kijiko kimoja cha chai cha sukari na kimoja cha hamira. Halafu tukakaa kitako sakafuni tukazitazama, na kama hujawahi kumwona mtoto wa miaka minne akitazama bilauri kwa dakika kumi bila kuguna, mimi nimemwona.

Ile ya katikati ilianza kutoa vipovu vidogo, vikapandana, vikawa povu, povu likapanda mpaka karibu na mdomo wa bilauri. Ya baridi ilikuwa inajivuta tu, kipovu hapa, kipovu pale. Ya moto haikufanya kitu. Tukangoja tena. Haikufanya kitu. Nikawaeleza ninavyojua kutoka shuleni: hamira ni kitu hai, ni kuvu, kila chembe yake ni kiumbe kidogo kisichoonekana kwa macho, kinakula sukari na kutoa hewa, na hewa hiyo ndiyo inayoinua unga na kuuachia vile vitundu unavyoviona ukikimega kitumbua. Baridi hukitia uzito. Joto linalokifaa ni kama la mwili wetu hivi. Likifika nyuzi 60 hufa.

Mdogo akaitazama ile bilauri ya tatu. "Tumeiua?"

Swali lile lilinikalia moyoni siku nyingi. Nilimwambia ndiyo, na kwamba hamira haina macho wala haihisi maumivu kama sisi, na kwamba hata ile iliyo hai ikiingia kwenye chuma cha moto itakufa baada ya kufanya kazi yake. Akafikiri. Kisha akauliza inakulaje na haina mdomo. Hapo nilifika mwisho wa elimu yangu, nikamwambia sijui, tutauliza. Tulimuuliza jirani yetu, mwalimu mstaafu wa sayansi, naye akatueleza barazani kwake kwamba chembe ile hunywa sukari kwa ngozi yake, sukari ikishayeyuka katika maji. Ndiyo sababu tunatia maji kwanza. Mimi na watoto tulilijua jambo lile kwa saa ileile, tukirudi nyumbani tukilizungumza njia nzima kama watu waliotoka safari moja.

Vitumbua vya mara ya pili viliumuka. Chuma chetu kina matundu saba, sita yamezunguka na moja katikati, na kile cha katikati huiva mapema kwa sababu moto wa makaa umekusanyika hapo. Hilo aliligundua mkubwa, si mimi. Akasema basi tuanze kumimina pembeni, cha katikati kiwe cha mwisho, vyote viive pamoja. Nyanya alimtazama akasema yeye amefanya hivyo miaka thelathini bila kujiuliza kwa nini. Ukimimina mara tatu umepata ishirini na moja, mara nne ishirini na nane, na jedwali la saba ambalo lilikuwa likimtoa machozi shuleni akawa analisoma kwa chuma. Lile swali lake la kwanza nalo likajibiwa: unapokigeuza kitumbua kwa kijiti upande wa chini ukiwa umeshika na wa juu bado ni maji, yale maji hushuka yakajaza tundu, na mviringo wa pili ukajitengeneza wenyewe. Nilikuwa na miaka thelathini na moja nilipoliona jambo hilo.

Ugumu mkubwa kwangu ulikuwa wa vipimo. Nyanya hapimi. Yeye husema "kadiri", husema "mpaka uone imekubali". Ukimuuliza imekubali vipi, hukuonyesha kwa mkono. Watoto walimfuata na kikombe: kila alichochota kwa mkono, walikipokea kwenye kikombe kabla hakijaingia sufuriani, wakakiandika. Naye akawafundisha vipimo vya zamani, kwamba vibaba vinne ni pishi moja, na kwamba kitambaa kilipimwa kwa mwili wa mtu: shubiri mbili ni mkono, mikono miwili ni wari. Mdogo alipima meza ya jikoni kwa shubiri zake akapata kumi na nne, kaka yake akapata kumi na moja, na ubishi ukazuka wa nani amekosea. Hakuna aliyekosea. Niliwaacha wabishane kwa muda mrefu, mpaka mkubwa akauweka mkono wake juu ya mkono wa dada yake akanyamaza.

Na nazi! Nazi peke yake ni darasa la mwezi. Nilitaka wanangu wajue kwamba hawakuzaliwa katika lugha maskini. Wapi kwingine tunda moja lina jina katika kila hatua ya umri wake? Kidaka kikiwa kidogo, kitale kikiendelea, dafu likijaa maji, koroma likianza kukomaa, halafu nazi. Tulikwenda shambani nyuma ya mji kwa mjomba wao, akawaangushia moja moja wakazipanga chini kwa umri, wakapasua, wakaonja. Nyama ya dafu wakaila kwa kijiko, ya koroma ikawashinda kidogo, ya nazi ndiyo ya kukuna. Kuna kumbi, kuna kifuu, kuna tui la kwanza na tui la pili, kuna machicha ambayo hatuyatupi, kuku wanayangoja. Shuleni wanafundishwa kwa Mtaala wa Umilisi, na siku walipotakiwa kuleta kitu cha mazingira yao, mkubwa alibeba kifuu, kumbi na kipande cha kuti, akasimama mbele ya wenzake akaeleza bila karatasi.

Likizo ya Desemba alikuja mtoto wa dada yangu kutoka Nairobi, miaka tisa. Siku ya kwanza nyanya alimwita kutoka juu: "Ndoo!" Kijana akashuka mbio mpaka uani, akapanda ngazi zote anahema na ndoo mkononi. Hakuwa amekosea: kwa Kiswahili cha shuleni ndoo ni chombo cha maji. Kwa Kiamu cha nyanya, lahaja yetu ya Lamu, ndoo ni njoo. Mkubwa wangu akajivika ualimu palepale, akamfundisha nduguye kwamba sisi njia ni ndia, njaa ni ndaa, maji ni mayi. Yule wa Nairobi ana akili nyepesi, akaikamata kanuni, akasema, "Basi njugu ni ndugu!" Nyanya hakumjibu. Alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya leso.

Kijana huyo ndiye aliyetuletea jambo ambalo sikulijua vizuri. Alisema mayai ya kwetu yanaiva upesi kuliko ya kwao. Nilidhani ni porojo za watoto. Lakini ni kweli na sababu yake ni nzuri. Sisi tuko usawa wa bahari, na hapa maji huchemka kwa nyuzi 100. Nairobi iko juu, karibu mita 1,800, hewa ya huko ni nyepesi, haiyakandamizi sana maji, kwa hiyo yanachemka mapema, kwa nyuzi 94 hivi. Yanatokota vilevile lakini moto wake ni pungufu, ndiyo maana maharage ya dada yangu hukaa jikoni mpaka mtu akate tamaa. Tulimpigia simu usiku ule. Akasema miaka yote hiyo alikuwa akilaumu maharage.

Kuhusu njugu, niseme jambo moja bila kuzunguka. Mtoto wa chini ya miaka mitano usimpe njugu nzima. Humkwama kooni, na kukwama kwa njugu ni kwa sekunde. Kwetu kashata za njugu tunazitwanga kwanza kwenye kinu mpaka ziwe chenga, na kutwanga ndiyo kazi wanayoipenda kuliko zote.

Na kashata ndizo zilizoniliza. Kashata za nazi ni rahisi: nazi iliyokunwa vikombe viwili, sukari kikombe kimoja, maji nusu kikombe, iliki. Sukari na maji vinachemka mpaka shira inavuta uzi ukiinua mwiko, ndipo nazi inaingia. Niligeuka kuchukua nazi. Mdogo alinyoosha mkono kutaka kuuona huo uzi, na tone likamwangukia juu ya kifundo cha mkono. Yale maneno ya maji na nyuzi tuliyoyasema kwa furaha yalinirudia vingine: maji husimama kwenye 100, shira haisimami hapo, inapovuta uzi imeshapita, na juu ya hayo inanata, haimwagiki kutoka kwenye ngozi. Nilimbeba mpaka kwenye mfereji. Jirani alipanda mbio na dawa ya meno, kwa nia safi kabisa, kwa kuwa ndivyo tulivyofanyiwa sote. Nilimwomba aiweke chini. Muuguzi alishanifundisha: maji baridi ya mfereji yanayotiririka, dakika ishirini kamili, si barafu, si unga, si dawa ya meno. Dakika ishirini ni nyingi mtoto akilia. Tulihesabu. Tulihesabu moja mpaka mia, tukarudia, kaka yake akihesabu nasi kwa sauti inayotetemeka. Alama imebaki, ndogo kama punje ya dengu.

Wiki ile mama mmoja aliniambia, "Si tuliambiwa toka utaungua?" Nililala nikiifikiria. Kisha nikachora mstari wa chaki sakafuni, hatua mbili kutoka kwenye jiko. Ng'ambo ya mstari ni mafuta na shira na makaa, na anayepita ni mtu mzima peke yake. Upande wa huku ni kila kitu kingine: kuchekecha, kupima, kutwanga, kukanda, kukata visheti. Kupasua maganda ya iliki kwa kucha na kutafuta mbegu nyeusi ndani. Kukata kashata kwa kisu butu zikiwa bado vuguvugu, mistari ya kwenda na mistari ya mshazari, mpaka vipande viwe kama uru wa karata. Mkubwa aliniambia umbo lile shuleni huitwa msambamba. Jikoni kwetu litabaki kuwa uru, ila amelijua kwa majina yote mawili.

Wako pia wanaoniuliza kuhusu huyo mkubwa, kwa kuwa ni mvulana. Mzee mmoja alimuuliza mwenyewe, barazani, mtoto wa kiume anatafuta nini jikoni. Mwanangu akamwamkia kwanza, shikamoo, kisha akamuuliza kwa heshima kama katika jahazi kulikuwa na mwanamke wa kuwapikia mabaharia. Mzee huyo alikuwa baharia ujana wake. Akanyamaza kidogo, halafu akaanza kusimulia jinsi walivyopika wali juu ya mawimbi, sufuria imefungwa kamba, na mpaka magharibi alikuwa hajamaliza. Tangu siku hiyo Jumamosi tunampelekea vitumbua viwili kwenye kisahani. Hukirudisha kisahani na kisa kingine.

Vile vipimo tulivyompokonya nyanya mkononi viko kwenye daftari la mistari mipana, ukurasa umenata sukari. Aliyeandika ni mkubwa, mdogo akichora pembeni. Vitumbua vya Nyanya, limeandikwa juu, na chini yake: mtele vikombe viwili, loweka usiku, tui zito kikombe kimoja, sukari nusu kikombe, hamira kijiko kimoja cha chai, iliki kumi, mayi ya uvuguvugu, si ya moto. Nilipoliona neno mtele nilishika kalamu nilirekebishe liwe mchele. Hakukosea kusikia. Nyanya akiutaja husema mtele, na mamake nyanya alisema mtele, na mapishi haya hayakuwahi kuandikwa na mtu yeyote kabla ya mtoto huyu. Nikairudisha kalamu mahali pake. Mstari wa mwisho unasema: ngoja saa moja, halafu muulize nyanya. Akisema bado, ngoja tena.